MGENI NA SOKO LAKE

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Magomeni, Mtwara



Kamati imetuagiza tuseme machache juu ya jambo ambalo kwa kulisikia laonekana dogo, nalo ni hili: mtumishi mgeni aliyeletwa Mtwara atanunua wapi vyombo na mahitaji ya nyumba yake. Huenda wako watakaosema ya kwamba chama cha watumishi chapaswa kuzungumza juu ya mishahara na vyeo, na kuwaachia wapishi habari za sufuria na ndoo. Sisi twajibu ya kwamba mshahara wa kwanza wa karani hutoka mkononi mwake kwa njia ya sufuria na ndoo, na akipotea njia katika mwezi huo wa kwanza aweza kuhangaika miaka mingi asipate nafuu. Twasema hivi kwa ushahidi, kama mtakavyosikia mbele.

Magomeni ni nyingi. Iko Magomeni ya Dar es Salaam, iko Magomeni ya Unguja, na iko hii yetu, kata ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Tulipofika huku mwaka 2016 tulimwarifu kaka yetu ya kwamba tumepata chumba Magomeni. Alijibu upesi akatuagiza tumnunulie kitambaa Kariakoo siku ya Jumamosi, tukitoka kazini. Tulicheka sana, walakini baadaye tuliona ya kuwa katika kosa lile lilikuwamo fundisho. Kati ya Kariakoo na Magomeni hii pana mwendo wa kilomita 560 hivi, na mwendo huo umo ndani ya bei ya kila ndoo na kila kipande cha sabuni kinachouzwa hapa.

Mji wetu hauko kisiwani, lakini kwa muda mrefu uliishi maisha ya kisiwa. Kaskazini tumezuiwa na mto Rufiji, kusini na mto Ruvuma, mashariki na bahari, na magharibi palikuwa na mwendo mrefu wa vumbi na tope mpaka Songea. Waingereza walijenga bandari ya maji marefu na reli kwa ajili ya mpango wao wa karanga ulioanza mwaka 1947. Mpango huo uliachwa mwaka 1951, na reli iliyokwenda Nachingwea ikang'olewa katika miaka ya 1960. Jina la Reli limebaki katika mitaa yetu, reli yenyewe haipo. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari yalivuka Rufiji kwa pantoni, na masika yalipozidi njia ilifungwa, sukari na mafuta yakangoja meli. Hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu mpaka Somanga, chenye kilomita 60, kilizamisha malori miaka mingi kabla hakijatiwa lami.

Wala msidhani ya kuwa habari hizi ni za kale tu. Mwezi wa Mei mwaka 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilifika pwani karibu na kisiwa cha Mafia. Mvua zake ziliikata barabara upande wa Kilwa, na kwa siku kadhaa mikoa ya Lindi na Mtwara ikawa haina njia ya lori wala basi kutoka Dar es Salaam. Siku zile tulikuwa kisiwa tena. Aliyekuwa na unga wa muhogo ndani hakusumbuka. Aliyezoea kununua kila kitu kwa siku yake alisumbuka.

Basi fundisho letu la kwanza ni hili. Vitu vya nyumbani hapa Mtwara ni vya namna mbili: viko vinavyozaliwa huku, na viko vinavyokuja kwa lori. Mgeni hajui ila vya lori, maana ndivyo alivyovizoea alikotoka. Huvitafuta hivyo hivyo, hulipa nauli yake yote, kisha husema, "Mtwara maisha ni ghali." Mwenyeji hununua vya huku kwanza, na vya lori kwa haja tu.

Ndugu zetu waliopangiwa Unguja huelekezwa Darajani, ambako jengo la Marikiti lilisimamishwa mwaka 1904. Waliopangiwa Mafia huelekezwa Kilindoni. Waliopangiwa hapa huambiwa waende Soko Kuu. Kila mahali mgeni hupewa jina moja tu la soko, naye hudhani ya kuwa akilijua jina amelijua na soko. Hebu tuvitaje vitu kwa utaratibu wake.

Siku ya kwanza. Kitu cha kwanza kununuliwa ni chandarua, kabla hata ya godoro. Katika upimaji wa nchi nzima wa mwaka 2022 mkoa wetu ulionekana kuwa miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi kabisa, na mgeni atokaye nyanda za baridi hana mazoea nayo. Karani aliyelala sakafuni juu ya mkeka, ndani ya chandarua, ataamka mzima. Aliyelala juu ya godoro nene pasipo chandarua huenda wiki ya pili akawa hospitali. Cha pili ni chombo cha maji. Nunua madumu mawili ya lita 20 yenye vifuniko vizuri, na ndoo moja, kwa sababu maji ya bomba yana siku zake za kukatika, wala si vema kuanza ujirani kwa kuazima ndoo. Vitu hivi vyapatikana katika maduka ya mtaani hapa hapa Magomeni. Tofauti ya bei yake na ya mjini si kubwa, na kwa siku ya kwanza ni afadhali kuilipa kuliko kutembea usiku katika mji usioujua.

Wiki ya kwanza. Hapa ndipo mgeni aende Soko Kuu na maduka ya jumla yaliyo karibu nalo, au soko jipya la Chuno, na asiende peke yake. Sufuria, sahani, vikombe, sabuni ya mche, sukari, na ndoo za ziada ni vitu vya lori; vyote hivyo vyafaa kununuliwa kwa jumla, na watu wawili au watatu wakishirikiana hupata bei iliyo nafuu. Lakini kinu na mchi, mbuzi ya kukunia nazi, ungo, mkeka, chungu na fagio la makuti ni vitu vya huku. Usivinunue katika duka lenye vioo. Viulizie kwa akina mama wavitengenezao au wavitoao vijijini, nao watakuuzia kilicho imara, tena watakufundisha namna ya kukitumia. Sisi tuliunguza vyungu viwili kabla hatujaambiwa ya kwamba chungu kipya chataka kuzoezwa moto kwanza.

Chakula nacho ni vivyo hivyo. Unga wa muhogo, mbaazi, njugumawe, nazi, kisamvu, chumvi na samaki ni mali ya pwani hii na ya uwanda wa Wamakonde. Mchele wa Mbeya, viazi vya mbatata na vitunguu vimepanda lori. Hatuwakatazi viazi, twasema tu ya kwamba anayekula viazi kila siku hapa Mtwara analisha na tangi la lori pamoja na tumbo lake. Ugali wa muhogo ulitushinda wiki mbili za kwanza. Wiki ya tatu tuliuzoea, na sasa tukisafiri twauulizia. Vilevile msimu wa ming'oko ukifika, mgeni asipite akidhani ni mizizi ya dawa. Anunue fungu moja ale.

Juu ya samaki, hatuna budi kusema kidogo zaidi. Samaki hununuliwa Feri asubuhi, mashua zirudipo, na bei hufuata bahari pasipo kumjali mnunuzi. Kusi ikivuma kwa nguvu mashua nyingi hazitoki, na samaki huadimika. Siku za bamvua maji hukupwa mbali, mwamba huwa wazi, na pweza hupatikana kwa wingi. Karani aliyejifunza kuuliza "Leo ni bamvua?" kabla ya kuuliza "Samaki bei gani?" amekwisha kuwa nusu mwenyeji.

Moto wa kupikia. Wageni wengi hufika wakidhani ya kuwa, kwa kuwa Mtwara ndiko kwenye gesi, basi mtungi wa gesi utakuwa rahisi huku. Sivyo. Gesi iliyogunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982 ni ya bomba. Bomba lake kubwa la kwenda Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015, na nyumba kadhaa za mji huu zimeunganishwa. Lakini gesi ya mtungi ni nyingine, huletwa nchini kwa meli kutoka ng'ambo, kisha hutufikia sisi kwa lori. Basi mtungi mdogo ufaa kwa chai ya alfajiri na kwa siku za haraka, na jiko la mkaa liwekwe kwa ajili ya mbaazi na njugumawe, ambazo huchukua saa nyingi jikoni.

Mwezi wa kwanza na kuendelea. Kitanda, meza na kabati vingoje. Mafundi seremala wa mitaa yetu ni hodari, nao hupokea malipo kidogo kidogo kwa kadiri kazi inavyoendelea. Tena kuna kitanda cha kamba ambacho watu wa pwani hukiita teremka tukaze. Ni chepesi, ni baridi wakati wa joto, na mtu akihamishwa hakimlizi. Godoro ni kitu cha lori, nalo lina majira yake. Mnajua ya kwamba fedha za mji huu huja na korosho. Minada ya korosho huanza mwezi wa Oktoba, na mkulima akiisha kulipwa hununua bati, pikipiki na godoro. Wenye maduka hulijua jambo hilo kuliko sisi. Kwa hiyo anayeweza kununua godoro kabla ya Oktoba, na anunue. Asiyeweza angoje mpaka pilikapilika za msimu zipungue.

Wako pia wanaoagiza Kariakoo kwa simu na kupokea mzigo wao stendi ya basi. Njia hii yafaa kwa kitu kikubwa, na kwa mtu aliye na ndugu wa kwenda kukikagua kabla hakijafungwa. Asiye na ndugu huko akumbuke ya kwamba pasi mbovu iliyouzwa Kariakoo hairudi Kariakoo bila nauli ya pili.

Sasa twaja katika jambo la vipimo. Zamani watu walinunua kwa kibaba na kwa pishi, nayo pishi ilikuwa vibaba vinne. Leo twanunua kwa kilo, kwa kopo na kwa fungu. Mwenye kununua kwa kopo anunue kwa kopo analolijua, maana kopo lililobonyezwa tako hupunguza ngumi moja ya mchele, na ngumi moja kila siku ni kopo zima kabla ya mwezi kwisha. Na mafuta ya kupima ndiyo mtego mkubwa. Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme lita moja yauzwa Sh. 5,000, na kipimo kidogo chauzwa Sh. 500. Mgeni hudhani ya kuwa vipimo kumi ni lita. Na apeleke chupa tupu ya lita nyumbani, amimine humo kila kipimo anunuacho, aone chupa itajaa kwa vipimo vingapi. Padre aliyetufundisha hesabu katika shule ya misheni alituambia ya kuwa maskini hulipa zaidi kwa sababu hununua kidogo kidogo. Sisi tuliyaandika maneno hayo daftarini, tukapata alama nzuri, tukayasahau.

Ndugu zetu, hapa ndipo tutoe ushahidi tulioahidi. Kulikuwa na karani kijana aliyeripoti kazini mjini hapa akiwa na begi moja. Jina lake lilikuwa bado halijaingia katika orodha ya mishahara, na posho yake ya kujikimu ilichelewa. Miezi miwili ilipita hivyo. Lakini alikuwa amekwisha kupewa cheo, na watu wa mtaani walimwita Afisa. Naye alitaka nyumba ya afisa ionekane kuwa ya afisa. Katika duka la kwanza alilolikuta alichukua kwa deni godoro la futi sita, feni, pazia na seti ya sufuria saba, yeye mtu mmoja asiye na mke wala mtoto. Mwenye duka alipotaka fedha zake, yule karani alikwenda kwa mkopeshaji akachukua Sh. 200,000 kwa riba ya 30 kwa mia kila mwezi, akaacha kadi yake ya benki na namba yake ya siri. Mwezi wa kwanza deni lilikuwa Sh. 260,000. Hakuweza. Mwezi wa pili lilikuwa Sh. 338,000. Mwezi wa tatu lilikuwa Sh. 439,400. Mshahara ulipotoka, aliyekwenda nao benki alikuwa mkopeshaji. Karani alipewa kilichosalia, kama mtoto apewavyo fedha ya andazi.

Hatuoni haya kuwaambia ya kwamba karani yule ni sisi tunaosimama mbele yenu.

Ilituchukua mwaka na miezi mitano kuipata tena kadi yetu. Katika muda huo mama yetu mzazi aliugua nyumbani bara, nasi hatukuweza kupeleka nauli wala dawa. Walitoa wadogo zetu wasio na kazi ya mshahara. Mama alipona, twamshukuru Mungu. Lakini mpaka leo tukiisikia feni ile ikizunguka twakumbuka ya kuwa ilizunguka huku yeye akiwa kitandani.

Aliyetutoa hakuwa mkubwa wa kazi wala benki. Alikuwa bibi mmoja jirani, mwuza samaki wa kukaanga hapa Magomeni. Siku moja alitukuta dukani tukinunua mchele kopo moja kwa deni.

"Mjukuu wangu," akasema, "wewe wafanya kazi ya Serikali, mbona wala kwa kopo?"

"Bibi, mshahara haujatoka."

"Umetoka jana. Wenzako wote nimewauzia samaki."

Tukanyamaza. Hakuuliza zaidi. Kesho yake Jumamosi alitugongea alfajiri, akatupeleka Feri, kisha sokoni, akatusimamisha mbele ya kila mwuzaji akisema, "Huyu ni mjukuu wangu, msimpe bei ya mgeni." Kwa maneno hayo machache chakula chetu cha mwezi kilishuka hata tukaweza kupunguza deni. Nasi tulijiuliza: mjini hapa wako watumishi mamia, wengi wao waliwahi kuwa wageni kama sisi, ilikuwaje hata mmoja asitugongee mlango katika wiki ya kwanza, mpaka agonge mwuza samaki?

Swali hilo ndilo lililotuleta mbele yenu leo.

Hatusemi ya kwamba kila deni ni uovu. Mwenye duka anayemwandikia jirani sukari katika daftari, asiongeze riba, akangoja mwisho wa mwezi, ni mtu mwema, na wengi wetu tusingefika hapa bila yeye. Ila mnunuzi naye awe na daftari lake, aandike siku ile ile, na wayalinganishe mwisho wa mwezi. Ama wakopeshaji, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewataka wawe na leseni. Mgeni aulize leseni kabla ya kuuliza riba. Na yeyote atakaye kadi yako ya benki na namba yako ya siri, mkimbie. Tena mgeni azisome Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009, ajue posho anazostahili aliyeajiriwa na aliyehamishwa, adai kwa barua na kutunza nakala. Haki isiyoandikiwa barua hulala.

Lakini sheria na barua hazimpi mtu mahali pa kulala usiku wa leo. Chama chaweza kumpa. Wakubwa wetu wa zamani walilijua jambo hili. Martin Kayamba na wenzake walipounda chama cha watumishi Waafrika wa Serikali huko Tanga mwaka 1922, walitaka watumishi wasaidiane na kujielimisha, pamoja na kuisemesha Serikali juu ya haki zao. Na huko Uingereza, katika mji wa Rochdale, mwezi wa Desemba mwaka 1844, watu 28, baadhi yao wafumaji wa nguo, walifungua duka lao dogo wakiwa na mtaji wa pauni 28. Waliuza siagi, sukari, unga, shayiri na mishumaa. Na sharti lao kubwa lilikuwa fedha taslimu, hakuna kukopa, kwa kuwa walikuwa wameona namna deni la dukani lilivyowafunga wafanyakazi wenzao. Ushirika wa maduka ulienea duniani kwa mfano wao.

Walakini hatuwashauri kufungua duka. Nchi yetu ililijaribu jambo hilo kwa haraka mwaka 1976 katika Operesheni Maduka, ambapo maduka ya watu binafsi vijijini yalitakiwa yaondoke na ya ushirika yachukue mahali pake. Mengi ya maduka mapya yalikosa mtaji, yalikosa bidhaa, na yalikosa watu waliozoea biashara, wananchi wakabaki na rafu tupu. Duka lataka mfanya biashara, na sisi ni makarani. Tufanye linalotuweza.

Twaomba basi mkutano huu ukubali mambo matatu.

La kwanza, liwepo Sanduku la Mgeni. Ndani yake pawe na chandarua, mkeka, godoro dogo, sufuria mbili, ndoo, madumu mawili, jiko la mkaa, sahani, vikombe na taa. Mgeni aazimwe kwa siku 60 kwa kutia sahihi, avirudishe vikiwa safi. Kila mwanachama atoe chombo kimoja kizima alicho nacho nyumbani, na Sh. 2,000 mara moja tu kwa ajili ya chandarua na godoro. Sisi kwa upande wetu twatoa sufuria nne kati ya zile saba. Tumezitunza vizuri, hatujapata watu wa kutosha kuzipikia.

La pili, kila mgeni apewe mwenyeji mmoja kati yetu, wa kumpeleka Feri na sokoni Jumamosi ya kwanza, na kumtambulisha kwa jina. Kazi hii haina gharama ila usingizi wa asubuhi moja.

La tatu, Katibu abandike ubaoni kila mwisho wa mwezi bei za vitu kumi vya nyumbani, vitano vya huku na vitano vya lori, kama zilivyoonekana Soko Kuu, Chuno na mitaani. Mgeni akiisoma karatasi ile atajua kama anapewa bei ya mjukuu au bei ya mgeni.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi twaona ya kwamba tumekuwa tukimpa jembe siku ya kwanza, wala hatumwonyeshi shamba. Leo wamekaa hapa mbele wenzetu wanne walioripoti mwezi huu. Hatujui wamelala juu ya nini jana usiku, na hatukuwauliza. Tukitoka hapa, na tuwaulize.

Bwana Mwenyekiti, twaomba hoja hii ipigiwe kura kabla ya chai. Tumekwisha.